Ushuhuda wa Mgongo wa Kefa

Kefa, mkulima wa kahawa wa kijiji cha Ruanda kule Mbozi, aliumia mgongo akifanya kazi ya Mungu. Alikuwa anapanda kugongomea mabati ya kanisa, ngazi ikateleza, akashukia mgongo. Hospitali wakampa tramadoli, vidonge vikali vya maumivu, wakamwambia avitumie siku chache tu. Siku zikaisha, maumivu yakabaki, na Kefa akagundua kwamba Tunduma kuna duka la dawa lisilouliza cheti cha daktari.

Jumapili moja mchungaji alimwita mbele aombewe. Kefa alikuwa amemeza vidonge kabla ya kutoka nyumbani, kwa hiyo dawa na maombi vilifika pamoja. Akanyooka. Akainama, akagusa vidole vya miguu. Kanisa zima likapiga vigelegele, na Kefa, mtu asiyependa kuwaharibia wenzake furaha, akasema amepona.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mtu aliyeponywa kwa maombi hawezi kuonekana anameza dawa. Akawa anavificha vidonge kwenye debe la mahindi na kuvimeza shambani, katikati ya mibuni. Kimoja hakikutosha tena, wala viwili. Choo kikawa kigumu, usingizi ukawa unamchukua huku anaongea na watu, na akichelewa kumeza anakuwa mkali hata kwa kuku.

"Baba Jenista, mgongo bado unakusumbua?" aliuliza mkewe, Tabita.

"Mgongo si ulishapona?" alijibu Kefa. Mwenyewe hakujua tena kinachouma ni mgongo au ni kukosa kidonge.

Sifa zake zikafika hadi Ileje. Akaalikwa Isongole, kwenye mkutano wa injili, akatoe ushuhuda. Aliondoka na Tabita, amevaa suti na tai ya kuazima. Kwa haraka ya safari, vidonge vikabaki debeni.

Kesho yake, zamu yake ilipofika, jasho lilikuwa linamtiririka, kamasi zinamtoka, tumbo linamkata. Alisema, "Bwana asifiwe," akaangukia spika.

"Mapepo!" alipaza sauti mhubiri. "Hayataki ashuhudie!"

Wakamkamata mikono na miguu, wakayakemea. Kefa akaomba apelekwe chooni.

"Msimwachie! Hayo ndiyo yanayosema!"

Suti haikunusurika.

Tabita ndiye aliyepenya katikati yao akamtoa, akamfikisha zahanati. Mganga, dada mmoja anayeitwa Dina, akauliza anatumia dawa gani. Kefa akaanza kufungua tai.

"Sema," alisema Tabita. "Mahindi ya debeni nachota mimi kila siku."

Kefa akasema.

"Mwili umeshaizoea, baba," Dina alimwambia. "Ukiiacha ghafla ndiyo hivi. Ukizidisha, unaweza kupata degedege, au pumzi ikakatika. Tutapunguza kidogo kidogo, na vidonge atashika mama."

Ilichukua miezi, na siku nyingine Kefa alimchukia Tabita na mfuko wake wa vidonge. Sasa havitumii tena. Mgongo unauma, anatembea ameinama kidogo, anafanya mazoezi aliyofundishwa.

Mchungaji wake akamwomba asimulie jinsi mapepo yalivyomtoka. Kefa akasimama mbele, akaeleza habari ya duka, vidonge na debe. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mchungaji akaita kwaya haraka.

Ibada ilipokwisha, Raphaeli, mzee wa kanisa mwenye goti bovu, alimvuta pembeni. Kefa alidhani anapewa pole.

"Hilo duka la Tunduma," alinong'ona Raphaeli, "liko mtaa gani?"