Magunia Mawili, Siyo Mawili Magunia

Binti yangu alipokuwa amepanga chumba Mlandege, nilikuwa nasafiri kutoka Mbeya hadi Iringa kumsalimia, na mfuko wa viazi mkononi. Nazikumbuka sana zile asubuhi za baridi: chai ya maziwa, kompyuta yake mezani, nami nimekaa pembeni nikijifanya naelewa.

Alikuwa akitengeneza tovuti ya mfanyabiashara wa mchele wa Rujewa, kazi yake ya kwanza. Alikuwa ameandika pia programu ndogo ya kusoma CSS, yale maelekezo yanayouambia ukurasa sehemu ipi ipakwe rangi gani. Programu ilikagua majina ya sehemu hizo herufi kwa herufi.

Asubuhi ambayo mfanyabiashara angekuja kuona kazi, aliniachia nizipe majina aina za mchele. Nilikuwa mtunza stoo miaka mingi, na stooni kwangu kila jina lilianza na namba. Nikaandika "1mchele". Programu ikakataa: jina batili. Nikatanguliza kistari, "-1mchele". Ikakataa tena.

"Baba, jina halianzi na tarakimu," alisema. "Kwani wewe unasema magunia mawili, au mawili magunia?"

"Nimehesabu magunia kabla hujazaliwa."

"Kuhesabu sikufundishi. Ila kivinjari, kile kinachofungua ukurasa, kikikuta jina kama hilo, kinaruka maelekezo yake yote."

"Toa hicho kizuizi chako."

Alinitazama, kisha akakitoa. Mimi ni baba yake.

Mfanyabiashara alipofungua ukurasa, rangi hazikuwepo na picha zilikuwa zimerundikana upande mmoja. Akauliza nani kafanya vile.

"Ni mimi, mzee. Nilikosea," binti yangu alisema.

Nilikuwa pale pale, kikombe mkononi, nikanyamaza. Kazi akapewa mtu mwingine. Tangu siku hiyo chai niliipata kama kawaida, lakini kompyuta aliifunga kila nilipoingia.

Mwezi uliopita alikuja Mbeya. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, na kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kubaya kuliko ile namba. Alifungua kompyuta, akalitafuta faili lile la zamani, akarudisha ukaguzi wake, kisha akasogeza kompyuta mbele yangu. Nikafuta jina langu la stoo, nikaandika kwa kidole kimoja: mchele1.

Likapita.

"Bado mchele wa pili, baba," alisema, akavuta kiti.