Ngolo za Zambarau

Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, Kasiana Kapinga, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alimaliza ngolo ya arobaini na moja kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yake mjini Songea. Ngolo ni mashimo ya kilimo cha Wamatengo cha milimani: nyasi hufyekwa, hulazwa kwa miraba, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, likabaki shimo lenye matuta pande zote. Kasiana alifundishwa na mama yake huko Mbinga kabla hajajua kusoma.

Safari hii hakufukia nyasi. Alifukia mmea utambaao wenye majani ya mistari ya zambarau, aliouleta mwenyewe miaka minane nyuma, kikonyo kimoja ndani ya kopo, kutoka nyumba ya wageni alikokuwa akifua mashuka. Kwenye kivuli cha mikuyu ulitambaa mpaka chemchemi ya mtaa, ukazimeza kangaga na tangawizi pori. Kamati ya maji ilimpa hadi mwisho wa Aprili kuurudisha mteremko ulivyokuwa. Akishindwa, watapuliza dawa ya magugu, juu ya maji wanayokunywa wote, na yeye akiwamo.

Akaenda kwa dada yake kula Pasaka. Aliporudi, tarehe 6 Aprili, aliteremka na karai la miche ya kangaga kichwani. Alipofika ukingoni alisimama, asiweze kulitua.

Miraba yote arobaini na moja ilikuwa imechorwa kwa zambarau. Mashimo yalikuwa matupu. Matuta ndiyo yaliyostawi, mstari kwa mstari, kama alivyoyapanga. Mwishowe alilitua, akachutama, akavuta kikonyo. Kilikuja na mizizi kwenye kila pingili. Akavuta kingine, hivyo hivyo. Hakuwa ameung'oa. Alikuwa ameupanda.

Mzee Osmund, mwenyekiti wa kamati, alikuwa akijaza ndoo pale chemchemini. Kasiana alisahau hata kumwamkia.

“Mama Adela,” mzee alimwambia, “hapa umelima au umefuma mkeka?”

Kasiana alimwonyesha kikonyo chenye mizizi.

“Kwetu ukifukia kitu kinaoza,” alisema. “Hiki hakiozi, mzee.”

Mzee hakufanya utani tena. Alimkumbusha kwamba zimebaki siku ishirini na nne, na kwamba hawezi kuongeza hata moja.

Jumatatu asubuhi Kasiana anaanza kufukua kwa mikono, kuanzia tuta lililo karibu na maji. Kila kikonyo kitaanikwa juu ya bati mpaka kikauke.