Biskuti za Mama Zilizokataa Kufura

Nakumbuka siku mama yangu alipoambiwa kwamba biskuti zake zikiharibika tena, hatagusa unga wa Idi maisha yake yote. Nisingeikumbuka leo, mwanangu, kama si wewe. Mmefunga shule, mwalimu amewaambia mpike biskuti za likizo mjifunze sayansi, nawe ukaja kwangu hapa Makina na unga kwenye mfuko kwa sababu kule kwenu Highrise mama yako hataki uchafu jikoni. Sawa. Ukapika za kwanza, zikatoka bapa. Ukapika za pili, hivyo hivyo. Ukakaa kwenye stuli ukatazama viganja vyako, ukasema, "Shosho, mimi sina mkono. Hii kitu imekataa."

Nilizima jiko, ukadhani nimekasirika kwa sababu ya gesi. Gesi umeichoma kweli, tutaongea baadaye. Lakini kilichoniuma ni hilo neno, kwamba huna mkono. Nililisikia nikiwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, na lilinivuruga kichwa. Vuta hiyo stuli nikueleze polepole, maana mimi mwenyewe kuna mahali ambapo mpaka leo sielewi.

Mkoloni alikuwa bado yupo, na hapa paliitwa Kibra. Babu yangu alikuwa askari wa zamani, akapewa ardhi, akajenga, akafa akamwachia boma nyanya yangu. Wewe unaniita shosho, mimi wangu nilimwita haboba, ndivyo tunavyosema sisi Wanubi. Wanawe watatu walikaa pale pale na wake zao. Mke wa mwana mkubwa alikuwa Mama Halima, mwanamke mrembo, mwenye sauti. Mama yangu aliolewa na mwana wa mwisho. Alitoka Kawangware, kwa Wakikuyu, akasilimu. Kinubi alikijua haraka, na kusuka kawa za kufunikia masinia alikujua kushinda waliozaliwa nazo. Biskuti ndizo zilizomshinda.

Oveni hatukuwa nayo. Tulikuwa na sufuria moja pana, chini unaweka mchanga, ndani biskuti, juu mfuniko wa bati uliojaa makaa. Siku moja kabla ya Idi, asubuhi, haboba aligawa unga, samli, sukari, iliki, magadi na maziwa lala. Wake wote watatu walikanda pamoja, kila mmoja karai lake, huku wakiimba. Halafu wakaoka kwa zamu, mkubwa kwanza, wa pili afuate, mdogo mwisho. Hiyo ilikuwa heshima, hakuna aliyeihoji. Asubuhi ya Idi kila mke alijitwika sinia lake lililofunikwa kawa, akaenda nalo kwa wazee wa mtaa, na huko kawa ikifunuliwa watu wote wanaangalia.

Sasa za Mama Halima zilifura, zikapasuka juu vizuri. Za mke wa pili zilikuwa za hivi hivi, hakuna aliyezisema. Za mama yangu zilitoka bapa na ngumu. Mwaka wa kwanza walicheka naye. Miaka iliyofuata hawakucheka tena, walinong'ona. Mwaka huo ninaokuambia, Idi ikikaribia, Mama Halima alisema mbele ya watu kwamba kuna mikono ambayo baraka haikai, na kwamba mkono kama huo mtoto huurithi. Akanitazama. Haboba akaamua kwamba mama atapewa unga mara hiyo tu. Zikikataa, kazi yake siku ya Idi itakuwa kuosha vyombo, na sinia hatabeba.

Mwanangu, hujui uchungu wa kumwona mama yako akiitikia "ndiyo, mama" halafu anaenda nyuma ya nyumba kuchanja kuni ambazo hazihitajiki. Na mimi nikaanza kuichunguza mikono yangu. Niliiosha kwa majivu. Nilimuuliza baba kama mkono unarithiwa, akaniambia hayo ni mambo ya wanawake. Nikamuuliza mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akasema kila kitu ni mkono wa Mungu, nikazidi kupotea, sasa mkono gani tena?

Nikamwendea Halima, binti wa yule yule Mama Halima, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tukakubaliana kujaribu wenyewe na unga wa kukung'uta magunia. Tulitumia kopo la mafuta badala ya sufuria. Mara ya kwanza tulikanda, ndipo tukahangaika kuwasha jiko, zikatoka bapa. Basi tukaongeza samli, tukapunguza sukari, akakanda yeye badala yangu, tukahamia jiko lingine lililokwisha kuwaka. Zikafura! Tulirukaruka pale kama mbuzi. Kisha Halima akauliza, sasa ni nini kilichozifanya zifure? Tukatazamana. Mimi nikasema samli, yeye akasema jiko, halafu akasema taratibu kwamba labda ni mkono wake. Nililia. Tungegombana kabisa kama haboba hangetokea.

Nilijua tutapigwa kwa ajili ya unga. Haboba akavunja biskuti moja, akauliza tumefanya nini, tukamweleza yote, tena kwa kubishana. Akasema, "Mmebadilisha kila kitu kwa mara moja, sasa mnataka kumshukuru nani? Mtoto akiumwa tumbo ukampa dawa zote za nyumbani, akipona umejifunza nini? Badilisheni kitu kimoja. Vingine viacheni kama vilivyo." Akatugawia unga mzuri, akaenda zake akikohoa.

Kesho yake tukaanza na mkono, kwa sababu ndio niliotaka kuujua. Nikamwomba mama akande kidogo, kwa mchezo. Halima naye akakanda kidogo kwa kipimo kile kile. Tukaoka papo hapo, kopo moja, jiko moja. Zote zikafura, za mama na za Halima, hungejua zipi ni zipi. Mama alizigeuzageuza mkononi, moja moja. Nilifurahi, halafu nikachanganyikiwa kuliko mwanzo. Kama si mkono, mbona kila Idi zinakataa? Mama akasema labda ni siku yenyewe haimpendi. Alisema hivyo kweli, na alikuwa anaamini.

Donge lililobaki tukaliacha pale, tukatumwa maji. Unajua maji ya wakati huo, foleni, na wasichana wakubwa wanakupita. Tuliporudi tukaoka lile donge la mama. Bapa! Mkono ule ule, unga ule ule, kopo lile lile. Halima akasema limelogwa. Mimi nilikaa chini nikashika kichwa. Nikawaza, ni kitu gani kimoja kilichobadilika? Tulienda maji tu. Donge lilingoja tu.

Nikachukua kikombe, nikatia maziwa lala, nikatupia magadi, maana ndiyo huufurisha unga, nione yakingoja yanakuwaje. Likatoka povu, likapanda mpaka ukingoni. Nikalitazama. Baada ya muda likashuka, likanyamaza. Nikakoroga, wapi. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoona lile karai la mama likingoja zamu yake uani, asubuhi nzima, huku Mama Halima na mke wa pili wakioka, na povu lote likiisha humo ndani bila mtu kujua.

Nilimkimbilia haboba na kikombe mkononi. Alisikiliza, akakikoroga kikombe kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akaniambia ninyamaze, nisimwambie mtu yeyote, hata mama. Nilishikwa na hasira. Niliona amekataa kumsafisha mama yangu. Niliufunga ule mdomo wangu kwa shida, siku zote zile mpaka siku ya kuoka.

Siku ikafika. Wakakanda pamoja kama kawaida, ila mama hakuimba. Mama Halima akainuka na karai lake kuelekea jikoni. Haboba akamzuia kwa fimbo, akasema leo anaanza mdogo. Watu wakafikiri uzee umemshika. Mama yangu ndiye aliyekataa kabisa, akasema hawezi kumtangulia dada yake, ni aibu. Haboba akamwambia aibu hiyo ataibeba yeye haboba, oka.

Za mama zikafura. Mfuniko ulipofunuliwa alishika shavu, akacheka na kulia kwa pamoja. Za mke wa pili zikatoka za hivi hivi kama miaka yote. Halafu ikafika zamu ya Mama Halima, jua limeshapanda. Zikatoka bapa, ngumu, huwezi kuzitofautisha na za mama za mwaka jana. Na yule mwanamke mwenye sauti akageuza viganja vyake akavitazama, vile vile nilivyokuwa nikivitazama vyangu.

Haboba akasema, "Mkono wako hauna kasoro, na wa huyu haukuwahi kuwa nayo. Unga ukishakandwa na magadi hautaki kungoja. Na aliyeungojesha ni mimi. Mimi ndiye niliyepanga zamu, nikamwacha mtoto wa watu akatukanwa nikiwa nimekaa hapa."

Sikuwahi kumsikia haboba akisema kosa ni lake, na sikumsikia tena.

Ungedhani mama angetamba. Mimi nilitaka atambe! Nilitaka Mama Halima abebe lile sinia la bapa mtaani, kawa ifunuliwe, aone. Badala yake mama akachukua masinia yote, akazichanganya biskuti, nzuri na bapa, kila sinia likapata zote mbili. Nikamvuta nguo nikamuuliza anafanya nini. Akaniambia, "Nimeshalibeba lile sinia. Najua uzito wake." Asubuhi ya Idi wakatoka pamoja, na Mama Halima alipunguza mwendo ili mama atembee kando yake, si nyuma.

Mpaka leo sijui kama haboba alifanya vizuri kumwaibisha Mama Halima hivyo. Angeweza kuwaonyesha tu kile kikombe. Siku nyingine naona alikuwa na haki, siku nyingine naona alikosa mara ya pili. Nimezeeka nikiliwaza, na nikienda kaburini nitaenda nalo.

Lakini haya ninayajua. Kitu kikikataa, mwanangu, usianze kwa kutazama viganja vyako, wala vya mwenzako. Kaa na huko kuchanganyikiwa kwako, usikukimbie kwa kumtafuta wa kumlaumu. Jiulize ni kitu gani kimoja kinachoweza kuwa kimebadilika, ukibadilishe hicho peke yake, ungoje uone. Chunguza hata yale mnayoyaita heshima, kwa maana nasi tulimuumiza mtu miaka kwa heshima. Na ukiujua ukweli, uutumie kumnyanyua mtu.

Haya, inuka. Unga wako uliukanda saa ngapi, kabla ya kuanza kuchezea ile simu au baada? Enhe, unacheka. Kanda mwingine, na leo simu nashika mimi. Mungu akubariki mikono hiyo, aifanye ya kulisha na ya kuinua walioanguka, na asikupitishie mtu wa kukuambia kwamba huna. Nami anipe pumzi ya kuziona zikifura. Washa gesi.