Kahawa Aliyonyimwa Afisa

Juzi nilikwenda Bukoba msibani. Ndege ndogo iliponguruma ikipaa kuelekea ziwani, nikajikuta nimesimama, nasubiri ikohoe. Masikio hayasahau, ndugu yangu.

Bibi alikuwa na msonge kule Nshamba, nyumba ya nyasi kutoka kileleni hadi chini. Ndani ilinuka moshi na ndizi zilizovundikwa. Tulimenya ndizi jioni huku mvua ikipita juu yetu bila sauti. Kisha ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Bibi akakataa kuacha kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, lenye kaburi la babu. Afisa, kijana wa kwetu kabisa, akawasha kiberiti kwa mkono wake. Msonge ukaisha kabla sufuria yetu haijachemka.

Tukahamia kwa shangazi, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba.

Asubuhi moja tulikuwa ziwani tunafua. Ndege iliyombeba afisa ikapaa juu ya vichwa vyetu, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ikateleza hewani kama jani la mgomba, ikatua kwa tumbo kwenye matete. Wanaume wakajitosa. Nakiri, niliomba wachelewe.

Hawakuchelewa. Rubani na afisa wakaletwa nyumba ya karibu, kwa shangazi. Bibi akakoka moto, akawapa shuka na uji. Kisha akatoa kikapu cha buni, kahawa kavu ya kutafuna.

Kwetu unaweza kumnyima mgeni chakula ukasingizia hakijaiva. Ukimnyima buni za kutafuna, umemwambia si mtu.

Rubani akapewa tatu. Jirani aliyesaidia kuwabeba akapewa, nami nikapewa. Afisa akanyoosha kiganja.

"Karibu, bwana afisa," Bibi akasema. "Kiberiti chako kimelowa?"

"Waitu, mama!" jirani akasihi. "Mtu ametoka majini!"

"Nimempa moto. Si ndio anaoupenda?"

Akafunika kikapu, akatafuna yake taratibu, akimtazama. Kile kiganja kilibaki wazi mpaka uji ukapoa.

Misonge imekwisha. Mibuni ya kibanja chetu imezeeka, na Bibi amelala kando ya babu. Ila juzi, pale msibani, niliombwa nipitishe kikapu cha buni. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Nilikijua kiganja kabla ya uso.

Nikampa aliyekaa kulia kwake. Kisha nikampa aliyekaa kushoto.