Mizani ya baruti niliyopimia dawa za picha, na shemeji aliyeipaka mafuta ya trekta

Wakuu, habari zenu. Wale wa Kakamega, mulembe.

Juzi kuna mkuu aliuliza humu anunue mizani gani ya kupimia vitu vidogo vidogo, digital ama ile ya mkono, ya kusogeza vijiwe. Mkamrukia wote, digital, digital, tuko enzi gani. Nikacheka peke yangu.

Ngoja niwape yangu. Sitaongeza chumvi, kwa sababu mke wangu anasomanga hapa na nikidanganya ataniumbua kwa comments.

Mimi nilikuwa mpiga picha. Studio ilikuwa town, nyumba ikiwa Shieywe. Enzi hizo miwa ilikuwa miwa kweli. Wakulima wakilipwa, town inajaa, mtu ananunua redio, godoro, baiskeli, halafu anakuja nimpige picha akiwa na hivyo vitu. Nimepiga wanaume wengi wamekumbatia redio kuliko waliokumbatia mabibi zao.

Picha zilikuwa black and white na filamu tulikuwa tunasafishanga wenyewe. Dawa ya pakiti ilikuwa inapotea madukani kila mara, so nikajifunza kuchanganya yangu kutoka kwa poda.

Hapo ndipo mizani inaingia. Kuna poda moja inawekwa kidogo sana, kama chumvi ya kunyunyizia yai. Ukiipunja, picha inatoka imefifia, hujui kama ni mtu ama ni moshi. Ukizidisha, inakuwa nyeusi. Na filamu ikishaharibika imeharibika, hakuna kurudia.

Sasa, kulikuwa na mzungu injinia wa kiwanda cha sukari anarudi kwao, anauza vitu vyake. Nilimkuta na mizani mbili mezani. Moja ya jikoni, ya springi, uso mkubwa unang'aa. Ya pili ndogo, imechubuka rangi, mkono mwembamba na kisahani cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Jamaa alikuwa mtu wa kulenga shabaha, ana leseni yake, na risasi zake alikuwa anajijazia mwenyewe. Hiyo ndogo ndiyo alikuwa anapimia baruti.

Mimi macho yalienda kwa ile inayong'aa, si mnajua.

Akaniambia niijaribu kwanza. Akanipa kipande kidogo cha shaba, niweke, nisome, nitoe, niweke tena. Ile ya jikoni kila mara ilinipa jibu jipya. Ile iliyochubuka, mshale ulikuwa unacheza kidogo halafu unarudi pale pale. Nikaweka, nikatoa, mpaka mzungu akaanza kuangalia saa. Pale pale.

Nikaibeba, na kile kipande cha shaba akanipa bure.

Akanionya kitu kimoja, nisiitie mafuta hata siku moja. Mkono wa mizani ya aina hii umekaa juu ya ncha mbili kali kama wembe. Hauzunguki kama gurudumu, unabembea tu. Mafuta yanashika vumbi, vumbi linakuwa tope, na mizani inaanza kukudanganya bila kukuonyesha kuwa inakudanganya.

Nikaiweka kwa meza isiyotikisika, mbali na dirisha, nikaifunika na sufuria. Sufuria ilikuwa ya lazima. Wakichoma miwa kabla ya kukata, yale masizi meusi yanapaa mpaka town na kuangukia nguo kwa kamba, maziwa, kila kitu.

Hizo ndizo zilikuwa raha zangu mpaka shemeji yangu Wycliffe akaja kukaa na sisi.

Wycliffe ni ndugu ya mke wangu. Fundi wa matrekta ya kubeba miwa, mtu mzuri, mcheshi, anakula kama ametumwa. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuna chuma angekiona aache kukipaka mafuta. Bawaba za milango, cherehani, baiskeli ya jirani. Hata lile dirisha la studio ambalo lilikuwa halifunguki tangu ninunue.

Basi siku moja akaja mkulima mmoja kutoka Khwisero, Mzee Makokha, na mama yake.

Huyo mama tulikuwa tunamwita Kukhu, ni kama kusema nyanya. Alikuwa amekataa kupigwa picha maisha yake yote. Na Makokha alikuwa na kidonda rohoni. Baba yake alikufa bila picha hata moja, wakamzika bila picha juu ya jeneza, na wajukuu waliozaliwa baadaye hawajui alifananaje. Hakutaka hiyo irudiwe kwa mama. Alikuwa amembembeleza miaka na miaka, mpaka akamnunulia kitambaa kipya cha kichwa, na hicho kitambaa ndicho kilimlegeza.

"Moja tu," Kukhu akaniambia. "Ukiongeza nasimama."

Nikapiga moja. Taa ikawaka, akasimama, akasema imetosha, sasa anataka kuiona kabla arudi nyumbani. Makokha akampeleka hotelini kula obusuma na ingokho, ugali na kuku. Alipofika mlangoni akarudi, akanishika mkono.

"Fundi, hatakubali tena. Unajua."

Nilijua.

Nikaingia kupima dawa. Kawaida yangu, kabla ya kupima chochote naweka kwanza kile kipande cha shaba. Nikaweka, mshale ukasimama mahali pake. Nikatoa, nikaweka tena. Ukasimama chini kidogo. Mara nyingine ukasimama juu. Ulikuwa unaenda polepole kama mtu ameshiba, halafu unakaa mahali popote unapojisikia.

Nikainama karibu. Nikanusa.

"Mama Linet," nikamwita mke wangu, ambaye alikuwa anakaa pale mbele kupokea wateja. "Nani amegusa hii mizani?"

"Muulize shemeji yako. Aliniambia ilikuwa imekauka."

Wycliffe akaja akitabasamu, anangoja shukrani. "Niliiona inateseka bana. Nikaitilia kidogo tu. Na si mafuta ya ovyo, ni yale ya trekta, yale mazuri."

Wakuu, nilikasirika. Na sufuria hakuwa ameirudisha. Wiki hiyo sikuwa nimepima kitu, na masizi ya siku zote hizo yalikuwa yameingia kwa yale mafuta mazuri, pale ncha zinapokalia kumejaa tope jeusi.

"Si upime na kijiko?" akasema. "Kama sukari ya chai."

Nikamweleza habari ya Kukhu. Nikamwambia hii si chai, kuna picha moja duniani ya huyo mama, iko ndani ya hiyo filamu, na nikikosea hakuna nyingine. Nilimuona uso ukibadilika. Akavua saa, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Niachie," akasema. "Niliichafua mimi."

Roho ilikataa, lakini kwa ile hasira ningezikwaruza zile ncha, na mikono yake ilikuwa imetulia. Akanyanyua ule mkono wa mizani kama anabeba yai. Nikampa spiriti na pamba, akazungushia pamba kwa kijiti cha kiberiti, akafuta zile ncha, akafuta vile vijishimo zinamokalia, akabadilisha pamba, akafuta tena mpaka pamba ikatoka nyeupe. Hakukwaruza mahali. Mke wangu akafunga madirisha yote, pamoja na lile ambalo sasa lilikuwa linafunguka. Tukangoja ikauke vizuri.

Nikasawazisha mizani ikiwa tupu mpaka mshale ukasimama kwa sifuri. Nikaweka shaba. Pale pale. Nikatoa, nikaweka. Pale pale. Niligonga meza kwa kidole, mshale ukacheza, ukarudi pale pale.

Ndiyo nikapima, nikachanganya, nikaingia kwa chumba cha giza. Filamu ikatoka safi. Nilipochapisha kwa karatasi, kitambaa cha kichwa kilitokea kwanza, halafu macho, halafu ile mikunjo yote ya uso, hata mmoja haukukosa. Nilikaa pale na ile taa nyekundu nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kukhu aliporudi nikampa. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Mama, ni wewe," Makokha akamwambia.

Akatikisa kichwa. "Huyu ni mama yangu. Alizeeka hivi hivi."

Kwake kioo kilikuwa kile kidogo cha mkononi, unaona jicho moja kwa wakati. Hakuwa amewahi kujiona mzima. Makokha akajaribu kuichukua aipeleke kwa fremu, mama akaiingiza ndani ya nguo, kifuani.

"Zenu tafuteni," akasema. "Hii siitoi."

Ikabidi nimchapishie Makokha nyingine.

Kwa hivyo mkuu uliyeuliza, digital si mbaya, nunua ukitaka. Lakini ukipata ya mkono, usiangalie rangi. Ipimie kitu kimoja tena na tena uone kama inarudi mahali pamoja. Iweke pasipo upepo wala mtikisiko, uifunike, uiangalie na uzito unaoujua kabla ya kila kazi, usiifute na kitu cha kukwaruza. Mafuta, hapana. Na kama una shemeji fundi, nunua kabati yenye kufuli.

Wycliffe tulisameheana siku hiyo hiyo, alinunua nyama.

Kukhu aliishi kitambo baada ya hapo. Alipokufa nilienda Khwisero kumzika. Ile picha niliyomchapishia Makokha ilikuwa juu ya jeneza, kwa fremu, wajukuu wanaionyeshana. Nikamuuliza Makokha pole pole ile ya kwanza ilienda wapi.

Akaniambia iko ndani ya jeneza, mikononi mwa mama. Kukhu mwenyewe ndiye aliagiza, alisema anaipeleka kwa mwenyewe, mama yake.

Haya wakuu, nimemaliza. Mwenye mizani ya zamani, mwenye picha ya kukhu wake, mwenye shemeji wa kutia mafuta, uwanja ni wenu. Mama Linet, na wewe kama kuna mahali nimekosea, sema.