Kikapu Kinachongoja Dirisha la Tatu

NAPOLI. Saa mbili asubuhi, Nunziata Cacace anasukuma kwa bega lango la shule ya muziki. Hajapumua, uchochoro umeshamvamia.

"Shangazi, leo wanafungua au wanaziba?" anapaza sauti Filumena, mshonaji wa nyumba ya ng'ambo.

"Waulize wenye suti! Mimi kazi yangu funguo."

Ni bawabu hapa kwa miaka thelathini na moja, na swali hilo lilimkosesha usingizi hadi jana. Mkurugenzi aliamua madirisha ya uchochoroni yawekwe vioo visivyofunguka, ili viyoyozi vifanye kazi. Nunziata anastaafu Juni, na ameshapanga chumba kwenye nyumba ya Filumena, kinachotazamana na dirisha la tatu la shule. "Kina unyevu, jiko bovu," anasema. "Nilichofuata ni muziki."

Zamani jengo hili lilikuwa makao ya yatima, waliofundishwa kuimba kwenye mazishi ya matajiri ili wapate mkate. Ua uko katikati, matao pande zote, na madirisha ni marefu kama milango. Sauti ikitoka inagonga ukuta wa jirani, hatua chache tu, inarudi imenenepa.

Hapo ndipo ilipoanzia desturi ya kikapu. Mwanafunzi akipiga vizuri, jirani humvushia kahawa na keki kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akiboronga, kikapu kinavuka kitupu, na uchochoro mzima unamzomea.

Wiki iliyopita waliziba dirisha la tatu kwa majaribio. Eustachio, mpiga tarumbeta, alivumilia siku moja tu.

"Shangazi, mle ndani sijui kama napatia au nakosea. Hakuna wa kunitukana!"

Wenzake nao walikikimbia chumba chenye dirisha hilo. Jana mkurugenzi, Mwalimu Iaccarino, akaingia na fidla yake kuonyesha mfano. Alipiga, akamaliza, akachungulia nje. Filumena alikuwa akishona, hata hakuinua kichwa. Mwalimu alitoka amenuna, akaagiza kioo king'olewe na vingine virudishwe dukani.

Sasa mafundi wanakishusha. Watu wamejaa madirishani, wengine na nguo za kulalia. Eustachio anapanda juu ya kiti na kupuliza kwa mbwembwe.

Kikapu kinavuka. Kitupu.

"Filumena! Nimekosea wapi?"

"Mwanzo, katikati na mwisho, mwanangu!"

Uchochoro unaangua kicheko. Eustachio anarudia, safari hii taratibu, na kikapu kinavuka tena kikinukia kahawa. Nunziata anapangusa macho kwa pindo la aproni.

"Dada yangu anataka nikapumzike kwake ufukweni," anasema. "Nikasikilize nini huko, kaa?"

Kikapu chake ameshakinunua, chekundu, kipana kuliko cha Filumena. Juni akihamia, keki ataoka mwenyewe.

Na Eustachio?

"Huyo afanye mazoezi," anasema, akigeukia funguo zake. "Mimi si mwepesi wa kuridhika kama Filumena."