Matanga ya Mtu Aliyefika wa Mwisho

Kama kuna mtu hapa Kigoma, kuanzia Katubuka hadi Bangwe, ambaye bado hajasikia kwamba mimi ndiye msichana aliyemfisha mzungu mzima kwa mdomo wake, basi na asikie kwangu mwenyewe, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa bombani, na kila anayesimulia anaongeza jeneza. Jeneza halikuwepo. Matanga yalikuwepo, mikeka ilikuwepo, na aibu ilikuwepo ya kutosha ukoo mzima.

Mimi si mtu wa maneno. Darasani (niko kidato cha tatu) mwalimu akiita Asteria naitika kwa sauti ambayo hata jirani yangu wa dawati haipati. Mguu wangu wa kushoto uliharibiwa na polio nikiwa mdogo, navaa chuma chenye mikanda ya ngozi, na hicho chuma kinalia kama bawaba ya mlango kila nikinyanyua hatua, kwa hiyo nimejizoesha nikikaa nimekaa, nisiwageuze watu shingo.

Chuma changu hutengenezwa katika karakana ya miguu ya bandia nyuma ya hospitali. Tangu watu wa Burundi waanze kukimbilia huku, karakana imejaa wao, waliokatwa miguu kwa mabomu ya ardhini na kwa mambo mengine ambayo huwa hawayasimulii, nao hulala kwenye banda la turubai la bluu wakisubiri zamu zao. Fundi mkuu ni Matiasi, mzungu mrefu mwenye mikono ya useremala, kutoka nchi ndogo ya milima huko Ulaya. Ukutani amebandika picha ya mdogo wake, Luka, aliyepooza miguu yote miwili, amekaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya ubao mmoja wa kuteleza, anashuka mlima, na nyuma yake vumbi jeupe limetimka. Akina mama wa bandani walidhani ni unga. (Mmoja aliuliza kama ni unga wa msaada na kwa nini wanauchezea.) Matiasi akawaeleza kwamba ni theluji, na kwamba Luka yuko kwenye timu ya taifa lao, na masika haya timu itakwenda kwenye mashindano ya dunia ya walemavu ya michezo ya barafu. Basi toka siku hiyo Luka akawa “wetu”. Wakawa wanamwombea kwenye rozari ya jioni, baada ya wagonjwa na kabla ya marehemu.

Siku yenyewe ya mashindano ilipofika, Matiasi alikuwa na miguu ya kupeleka kambini, njia ya Kasulu. Jioni ya kuamkia siku hiyo akaniita.

“Asteria, wewe unasoma, Kiingereza unakisikia. Kesho nenda pale gesti ya Bangwe yenye dishi, uniangalizie. Mimi jioni narudi, utanieleza kila kitu.”

Kila kitu, alisema. Nikaitika kwa kichwa. Sikuwahi kutumwa na mtu kitu kikubwa namna ile, usiku huo hata usingizi ulinipa taabu.

Gesti ile kuna kijana wa Ujiji anaitwa Shabani, ndiye mwenye kuwasha jenereta na kubadili mashuka, na mdomo wake haujui likizo. Tukakaa sebuleni kwenye makochi ya wageni, mimi kwenye ukingo kabisa, tukaangalia. Timu ya kina Matiasi ilikuwa na watu wanne. Wa kwanza mwanamke wa mguu mmoja, alishuka vizuri sana mpaka katikati, akaupita mlingoti mmoja wa njia bila kuuzunguka, wakamtoa mashindanoni. Wa pili alikuwa kipofu, naye anafuata sauti ya mwenzake mwenye macho anayeteleza mbele yake akipaza “hapa, hapa”, na sijui ilikuwaje, yule wa mbele akaanguka, kipofu akampita salama halafu akasimama peke yake kwenye weupe ule wote, anageuza kichwa anatafuta sauti.

“Ebo!” Shabani akapiga paja. “Mwenye macho ndiye kaanguka! Dada Asteria, hii dunia umeiona?”

Nilicheka, lakini yule mtu aliyesimama pale bila sauti ya kumwongoza alinikaa moyoni. Wa tatu alifika, ila nyuma sana. Halafu akaja Luka. Nilimjua kwa kiti chake. Alishuka kwa kasi ambayo sijawahi kuona mtu aliyekaa akienda, Shabani mwenyewe akanyamaza, halafu kwenye kona kiti kikainuka upande, kikabiringika, mara ya kwanza, mara ya pili, kikaingia kwenye wavu. Weupe ukamfunika. Watu wakakimbia kutoka pande zote, mmoja amebeba blanketi, nikaliona blanketi likitandazwa juu yake.

Hapo jenereta ikakohoa, na picha ikazimika.

“Mafuta,” Shabani akasema. “Subiri, naenda kuchukua kidumu hapo chini, sichelewi.”

Sasa hapo ndipo mkasa ulipozaliwa. Ningesubiri tu. Lakini Shabani alipotoka, mwenye gesti akachungulia, akanitazama mimi na chuma changu juu ya zulia lake, akarudi ndani, na mimi nikaona aibu kukaa peke yangu kwenye makochi ya watu mbele ya televisheni iliyozimwa. Nikaondoka. Nilijiambia nitarudi baadaye. (Nani, mimi? Nikishatoka mahali kwa aibu huwa sirudi.)

Nikapata lifti ya baiskeli mpaka hospitali. Akina mama walikuwa wanachambua maharage mbele ya banda, wakaniona nakuja, wakasimamisha mikono yote. Mama Leokadia ndiye mkubwa wao, mwanamke wa makamo, mguu wake wa kulia umeishia gotini, na akiuliza kitu huwezi kumpa jibu la kitoto.

“Asteria, mwana wanje, mwanangu, wetu vipi?”

Nikasema nilichokiona. Naapa sikuongeza hata chumvi. “Nilimwona akianguka. Sikumwona akiinuka.”

Mikono ile haikurudi kwenye maharage.

Sikujua. Mimi ni Muha wa Katubuka, maneno yao yote nayaelewa kwa sababu Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake, lakini sikujua kwamba kwa watu waliokimbia vita hiyo ndiyo tanzia yenyewe. Hakuna aliyeletewa maiti, hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Mtu aliyekuwa naye njiani alifika, akasema nilimwona akianguka, sikumwona akiinuka, basi, na familia ikatandika mkeka. Mama Leokadia akaanza kuniuliza taratibu, kama wanavyoulizwa wote wanaoleta habari hizo.

“Wewe mwenyewe, kwa macho yako?”

“Ego, mama, ndiyo.”

“Walikuwepo watu waliomfikia?”

“Walikuwepo.”

“Wakamfunika?”

“Waliweka blanketi.”

Akafumba macho. Kila jibu lilikuwa la kweli, nami kila nikijibu nasikia kitu kinafungwa juu ya kichwa cha Luka, nataka kusema jamani jenereta ilizimika, sikuona mwisho, na ulimi wangu ukalala ulipolala. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Mama Leokadia akajifunga kanga kiunoni, akatwaa magongo yake.

“Matiasi, mtoto wa watu, hana ndugu hapa,” akasema. “Akirudi akute nyumba tupu? Twendeni.”

Wakaenda. Wenye magongo, wenye miguu mipya isiyozoeleka, bibi mmoja wakampandisha kwenye toroli juu ya gunia la maharage. Nyumba ya Matiasi iko Bangwe, karibu na ziwa, na majirani walipoona msafara ule hawakuuliza mara mbili, wakaleta mikeka, kuni, dagaa, unga wa muhogo, Waislamu wakaketi upande mmoja na uradi wao, katekista akafika na kitabu chake. Mvua ya masika ikanyunya, wakafunga turubai. Mimi nilikaa nyuma ya tangi la maji, na Shabani, nilivyosikia baadaye, alikuwa bado anahangaika kutafuta mafuta. Kila aliyefika alinipa mkono akaniambia pole, umeona makubwa, na nilipokea zile pole zote, moja moja, kama mwizi anayegawiwa mali.

Gari la Matiasi likaja jua linakaribia kuzama, limepakwa tope jekundu mpaka madirishani. Akashuka anatabasamu, nadhani alifikiri ni sherehe, kwamba wetu kashinda. Halafu akaona jinsi watu walivyokaa.

“Kuna nini?”

Hakuna aliyejibu, maana si desturi kumwambia mtu akiwa wima. Mama Leokadia akampa maji ya kunywa. “Kaa kwanza, Matiasi.” Akakaa chini, magoti yake marefu yakamfikia kidevuni. Halafu mama akageuka kule kwenye tangi. “Aliyeona ndiye anayesema. Asteria, njoo.”

Chuma changu hakijawahi kulia kama siku ile. Watu wote wale, kimya, na mimi krii, krii, krii mpaka mbele yake. Nikasema, “Nilimwona akianguka. Sikumwona...” na nikajikaza kuongeza, “lakini umeme ulizimika,” ila hiyo nusu ya pili ilitoka na sauti yangu ya darasani, na kilio kilikuwa kimeshapanda.

Matiasi hakupiga kelele. Alishika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili kama mtu aliye kwenye boti. Wanaume wakamkamata mabegani. Nilimwona mtu mzima, fundi anayewasimamisha wengine, ameshindwa kusimama, na ni mimi niliyemkata miguu.

Asubuhi posta ilipofunguliwa tulikuwa mlangoni, Matiasi, Mama Leokadia na mimi shahidi. Simu ya Ulaya iliunganishwa kwa shida, ikakatika, ikaunganishwa tena. Matiasi akaongea kilugha chao, kwa sauti ndogo kwanza. Halafu akapiga ukuta kwa ngumi na kuanza kucheka, lakini ni kicheko ambacho machozi yanashuka nacho, karani akatoka nje kutupisha. Akanisukumia mkono wa simu.

Mtu akasema kwa Kiingereza, kutoka mbali sana, “Kwa hiyo ni wewe uliyenizika?”

Kiingereza chote nilichosoma toka kidato cha kwanza kikanikimbia. Nikasema, “Shikamoo.”

Luka alikuwa ameteguka bega, basi. Lile blanketi, Matiasi alitueleza akifuta uso, kule kwenye theluji anafunikwa mtu aliye hai ili baridi isimuue. Wavu ulimpokea, alipumzika, akakataa kubebwa, akateleza polepole kwa mkono mmoja mpaka chini, akawa wa mwisho kabisa. Timu nzima ilirudi mikono mitupu, wanne wote. “Wa mwisho!” Matiasi anarudia, “wa mwisho!” na huwezi kuamini neno hilo linaweza kusemwa kwa furaha namna ile.

Kisha akanitazama, kicheko kikamwishia. “Nilikwambia kila kitu,” akasema. “Kwa nini hukuniambia kwamba hukuona mwisho?” Hakuninyanyasa zaidi. Ningependelea aninyanyase.

Bangwe watu walikuwa bado wameketi. Aliyeleta ndiye anayeondoa, kwa hiyo nikasimama tena mbele yao, nikasema Luka yu hai, sikuona mwisho, nilikosea. Safari hii nilipaza mpaka sauti ikapasuka. Kukawa na kelele, vigelegele, katekista anacheka, Waislamu wanasema alhamdulillahi, na mzee mmoja wa pale jirani akalalamika kwamba amekesha na baridi yabisi yake kwa ajili ya mtu anayecheza. Chakula kilikuwa kimeshapikwa kikaliwa.

Lakini wale akina mama wa bandani hawakupiga vigelegele. Walikuwa wanatazamana. Nikaenda kumpigia magoti Mama Leokadia, niombe radhi, chuma kikanizuia, nikabaki nimeinama nusu nusu.

“Mwanangu Desiderio,” akasema, na hilo jina sikuwahi kulisikia kwake, “niliambiwa hivyo hivyo. Barabarani. Alianguka, hakuonekana akiinuka, kuna mtu alimfunika nguo. Nikakaa matanga yake hapa hapa Kigoma, nikayaanua, nikashukuru Mungu, nikalala.” Akanishika kidevu, si kwa ukali. “Sasa wewe umeniambia anayeanguka anaweza kuinuka. Asteria, nilale vipi?”

Nyuma yake mwingine akasema, “Na sisi nani atatupigia simu?”

Hilo ndilo nililolifanya. Aibu ya posta inachekesha, hata mimi siku nyingine nacheka. Hii haichekeshi. Sasa kila boti la watu wapya likifika, Mama Leokadia anakwenda na magongo yake kusimama wanaposhukia, na mama yangu anasema nimemfungulia kidonda, Matiasi anasema hapana, nimemfungulia mlango, nami sijui, kwa sababu mpaka leo ninapoandika haya hajarudi na jibu lolote.

Siku za Jumamosi naenda naye, namshikia mwavuli. Hawaulizi tena wageni kama walimwona mwanawe akianguka. Anawauliza, “Nani alibaki nyuma akatazama mpaka mwisho?” Wengi wanainamisha vichwa. Hakuna aliyebaki, walikuwa wanakimbia, na hakuna anayeweza kuwalaumu.

Mimi sikuwa nakimbia. Mimi niliyaonea haya makochi ya watu. Kwa hiyo nimeapa, na nimeandika ili nisijidanganye: mahali nikitumwa kuangalia, nitakaa mpaka mwisho hata mwenye nyumba anitolee macho, na nikiondoka na habari nusu, neno la kwanza kutoka mdomoni litakuwa kwamba ni nusu.